Mtu Wako Hajali Tena Chochote: Jinsi ya Kuelewa Tatizo na Kuongea Naye Bila Kumwongezea Mzigo

Unamwambia kitu anaitikia "sawa", unarudi jioni kitu hakijafanyika, unamuuliza kulikoni anakwambia "hamna kitu", unakasirika, yeye wala hakasiriki. Hapo kwenye kutokukasirika ndo wengi tunachanganyikiwa, maana ugomvi tunaujua, huzuni tunaijua, ila mtu ambaye hagombani wala halii wala hafanyi, huyo hatujui tumuweke wapi, basi tunaishia kumuita mvivu au tunasema siku hizi ana dharau.

Huu mwongozo ni kwa ajili yako unayeishi au kufanya kazi na mtu wa hivyo, awe mume, mke, mzazi aliyezeeka, mtoto anayesoma, rafiki au mwenzako kazini. Mwishoni kabisa kuna maneno kwa ajili ya yule mwenyewe aliyekosa hamu, kama ndo anasoma hapa. Mi ninachoamini kwenye hili jambo ni kimoja, mengine yote yanatoka humo: kabla hujamuuliza kwanini hajali, tafuta kwanza ni sehemu gani imekatika kati ya kutaka kitu na kukifanya, halafu uongee na hiyo sehemu. Maneno mazuri yakienda pasipo na tatizo hayasaidii hata uyaseme kwa upole wa namna gani.

Hatua ya 1: Hakikisha unaongelea tatizo lenyewe

Tatizo lenyewe naliita kukosa ari (kwa Kiingereza apathy), yaani ule msukumo wa kutaka na kufanya vitu umepungua. Kuna vitu vinne vinafanana nalo ukiviangalia kwa nje, na kila kimoja kinataka maneno tofauti.

Mvivu ana nguvu ya mambo yake. Ukimwambia afue nguo anachoka ghafla, ila mchezo ukianza kwenye TV ameshakaa mbele, marafiki wakipiga simu ameshavaa. Mtu aliyekosa ari ameacha hata vile alivyokuwa anavipenda mwenyewe, na hiki ndo kipimo cha kwanza ningekushauri utumie: usiangalie ameacha nini cha kwako, angalia ameacha nini cha kwake. Alikuwa anapiga gitaa, halipigi. Alikuwa anafuatilia ligi, sasa hajui hata timu yake imecheza lini. Alikuwa msemaji sana kwenye grupu la familia, sasa anasoma meseji anapita.

Aliyechoka na kazi au masomo, yaani ile kuungua kwa stresi, kutojali kwake kuna mpaka. Kazi hataki kuisikia ila ukimtoa kwenye mazingira ya kazi siku kadhaa anaanza kurudi, anacheka, anapanga mambo. Huyo dawa yake ni kupunguziwa mzigo, usimchimbe sana.

Sonona (depression) ndo inayochanganya zaidi kwa sababu kukosa hamu ni moja ya dalili zake kubwa. Tofauti ipo kwenye maumivu. Mwenye sonona anaumia, anajilaumu, anaona yeye ni mzigo, anaona kesho haina kitu, usingizi na chakula vinavurugika. Mwenye kukosa ari peke yake mara nyingi haumii, ukimuuliza anasema yuko sawa na anamaanisha, wewe ndo unateseka kwa niaba yake. Vyote viwili vinaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwahiyo usijifanye daktari ukakata shauri mwenyewe, we kusanya unachokiona tu. Kwa kawaida madaktari wanaanza kuifikiria sonona pale dalili zinapodumu wiki 2 au zaidi karibu kila siku, na kwa upande wa kukosa ari kama tatizo la ubongo, vigezo vya kitaalamu vilivyorekebishwa mwaka 2018 vinataka dalili ziwe zimedumu angalau wiki 4 na mtu awe amebadilika kutoka alivyokuwa. Hilo la kubadilika ni muhimu, kuna watu wamezaliwa wapole na wenye mambo machache, hao hawaumwi.

La nne watu wanalisahau: kuna mtu ameacha kujali kwa sababu kujali hakujawahi kumsaidia. Ametoa maoni mara ya kwanza hayakusikilizwa, ya pili akachekwa, ya tatu akaamuliwa kila kitu na wengine. Wanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walianza kuchunguza jambo hili miaka ya 1960 wakifanya majaribio na mbwa, walikuta mnyama akipata maumivu asiyoweza kuyazuia, baadae hata akiwekewa njia ya kutokea wengi walikuwa wanalala tu. Cha kufurahisha ni kwamba mwaka 2016 wao wenyewe walirudi wakasema walilielewa kinyume, kwamba kulala chini ndo jibu la kawaida la ubongo pale maumivu yakiwa marefu, na kinachojifunzwa ni kuona kwamba unachofanya kinabadilisha kitu. Sasa fikiria nyumbani kwako. Kama huyo mtu hajaamua chochote kwa mwaka mzima, si chakula si ratiba si pesa, basi kabla hujamkalisha kwenye mazungumzo mrudishie kwanza maamuzi mawili matatu ya kweli, hata madogo, na akiamua usibadilishe.

Hatua ya 2: Tafuta palipokatika

Mwaka 2006 madaktari wawili wa Ufaransa, Richard Levy na Bruno Dubois, waligawanya tatizo hili sehemu tatu kufuatana na njia za ubongo zinazohusika, na mi naona mgawanyo huo unamsaidia mtu wa kawaida nyumbani kuliko maelezo mengi marefu.

Sehemu ya kwanza ni hisia. Kitu hakimgusi. Habari nzuri ni poa, habari mbaya ni poa, mtoto kafaulu anasema vizuri kwa sauti ileile anayosemea taa imekatika. Hapa tatizo ni kwamba faida ya kufanya jambo haionekani kwake kama faida.

Sehemu ya pili ni mpangilio. Anataka, ila kichwa hakiwezi kupanga nini kianze nini kifuate. Ukimwambia "andaa safari" anakaa kwa sababu hilo neno moja ndani yake kuna kazi ishirini. Huyu ukimpa kimoja anafanya, ukimpa vitano anasimama.

Ya tatu ni kuanza kwenyewe. Ni kama gari lenye mafuta na injini nzima ila stata haishiki mpaka lisukumwe. Mtu wa aina hii ukimshika mkono mkatoka anatembea vizuri kabisa, anaongea, pengine anafurahi, ukimuacha mwenyewe atakaa kwenye kiti hichohicho mpaka jioni na ukimuuliza ulikuwa unawaza nini anakwambia hakuna, na ni kweli hakuna.

Watu wanaona ajabu hapo kwenye kufurahi. Anafurahia akifika, sasa kwanini hatoki? Sababu ni kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni kazi mbili tofauti kwenye ubongo. Mwanasayansi Kent Berridge wa Marekani alionyesha kwamba panya walioondolewa karibu dopamini yote (kemikali ya ubongo) hawakwenda kutafuta chakula hata kidogo, lakini ukiwawekea kitu kitamu mdomoni nyuso zao zilionyesha wanakifurahia kama kawaida. Dopamini inahusika zaidi na ule msukumo wa kufuata kitu kuliko raha ya kukipata. Kwahiyo ukimwona mtu wako anacheka kwenye sherehe uliyombeleza wiki nzima usimwambie "si unaona, ulikuwa unajifanya". Hakuwa anajifanya, kicheko ni cha kweli na kule kushindwa kutoka nako kulikuwa kwa kweli.

Pale Oxford, daktari Masud Husain na wenzake wanapima hili kwa kumpa mtu kitu cha kubana kwa mkono, kila mara anaulizwa kama yuko tayari kutoa nguvu kiasi hiki kwa zawadi kiasi hiki. Kwenye wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea) walikuta waliokosa ari wanakataa zaidi zile ofa zenye zawadi ndogo. Na ukifikiria vizuri maisha ya kila siku ndo yamejaa zawadi ndogo, kuoga, kutandika kitanda, kujibu salamu, hakuna anayekupigia makofi ukivifanya, ndo maana vinaanza kuanguka hivyo kabla ya vikubwa.

Utajuaje yeye yuko wapi? Kaa siku kadhaa umuangalie bila kumwambia kitu, halafu jijibu haya: nikianza naye, anaendelea? Nikimpa hatua moja moja, anamaliza? Akimaliza, sura yake inabadilika hata kidogo? Anayeendelea ukianza naye ana shida ya kuanza. Anayemaliza ukimkatia vipande ana shida ya kupanga. Anayefanya vyote ila hakuna kinachobadilika usoni, huyo ni hisia. Wengi wana mchanganyiko, usitafute jibu safi sana.

Hatua ya 3: Mwili kwanza, mazungumzo baadae

Naomba hii hatua usiiruke, kuna familia zinashauriana miezi kumbe tatizo linaonekana kwenye kipimo cha damu. Tezi ya thairoidi iliyopo shingoni ikifanya kazi kidogo mtu anapoa, anakuwa mzito, anasikia baridi, anaongezeka uzito. Upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kukoroma kunakoendana na kukatika pumzi usingizini, pombe, bangi ya kila siku, vyote vinaweza kumzimisha mtu.

Dawa nazo. Baadhi ya dawa za sonona, hasa zile za kundi la SSRI kama fluoxetine na sertraline, zinaweza kuondoa huzuni zikaacha ganzi, mgonjwa anasema silii tena ila sifurahi pia. Dawa za magonjwa makubwa ya akili vilevile. Jibu sio kuacha dawa ghafla, tafadhali, kuacha ghafla kuna madhara yake. Jibu ni kumwambia daktari kwa maneno hayohayo, kwa sababu anaweza kupunguza dozi au kubadilisha.

Halafu kuna ubongo wenyewe. Kukosa ari ni kati ya dalili zinazojitokeza sana kwenye ugonjwa wa Alzheimer (ule unaopoteza kumbukumbu taratibu), na kwa wengine inatangulia kabla hata usahaulifu haujawa mkubwa. Ipo kwenye Parkinson, ipo baada ya kiharusi, baada ya kuumia kichwa, ipo kwenye skizofrenia. Mzee wa miaka 70 ambaye maisha yake yote alikuwa mchangamfu halafu miezi michache hii amekuwa wa kukaa tu, usiseme ni uzee. Uzee hauzimi mtu hivyo.

Ukienda kliniki usiseme tu "hajali siku hizi", daktari hana cha kushika hapo. Sema alikuwa anafanya nini, ameacha lini, kipi ameacha kwanza, anatumia dawa gani, analala saa ngapi. Kuna maswali maalumu ya kupima ari, moja la maswali 18 lilitengenezwa na Robert Marin mwaka 1991 na lina toleo la kujazwa na mtu wa karibu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni kama kuna kilichobadilika.

Na kuna hali ambazo hazisubiri mazungumzo yoyote. Akibadilika ndani ya saa au siku chache, mdomo ukaenda upande, mkono ukakosa nguvu, maneno yakaparaganyika, hiyo ni dharura, hospitali saa hiyohiyo. Ameanguka akagonga kichwa kisha akapoa, hospitali. Hali chakula kabisa au hanywi maji, hospitali. Akianza kusema hakuna haja ya kuwepo au anagawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Akisema ndio, usimuache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu na umpeleke apate msaada.

Hatua ya 4: Jiandae wewe

Kumpenda mtu asiyerudisha kitu kunachosha kuliko watu wanavyokiri. Unapika hasemi asante, unarudi hanyanyui kichwa. Hasira utakuwa nayo, ni kawaida, ila usiende nayo kwenye mazungumzo. Tafuta mtu wa kummwagia kwanza, ndugu, rafiki, mshauri nasaha, halafu ndo uende kwa huyu.

Chagua saa yake nzuri. Karibu kila mtu ana saa anayokuwa mwepesi kidogo, kwa wengine asubuhi baada ya kuoga, kwa wengine usiku kabisa. Nendeni mkifanya kitu chepesi pamoja, kutembea, kukunja nguo, kuwa kwenye gari, maana kukalishwa uso kwa uso kunafanana na kikao cha kesi. Usiite wajumbe. Baba, mama, mjomba na shangazi wakikaa upande mmoja na yeye peke yake upande wa pili, atasema ndio kwa kila kitu ili kikao kiishe. Panga dakika kumi, jambo moja.

Hatua ya 5: Mazungumzo yenyewe

Anza na kitu ulichokiona kwa macho, sio tafsiri yako. "Nimeona wiki hizi hujaenda kwa kina Juma" ni kitu cha kuona. "Siku hizi umekuwa mtu wa ajabu" ni hukumu. Kwenye hukumu lazima ajitetee, na kujitetea kunataka nguvu ambayo hana, basi ananyamaza, we unaona amenuna.

Neno "kwanini" liache pembeni kwa sasa. Sio neno baya, ila kwake halina jibu, ukimuuliza kwanini hutaki kufanya kitu unamtaka atoe sababu wakati tatizo lenyewe ni kwamba sababu zimekosa nguvu. Atakwambia "sijui" na utaona anakukwepa. Uliza inakuwaje badala ya kwanini. Inakuwaje ukiamka? Ukifika pale inakuwaje? Ni sehemu gani inakuwa nzito?

Tuseme ni dada na kaka yake.

"Kaka, mechi tatu hizi sijakuona uwanjani."
"Ee."
"Umeliona hilo mwenyewe?"
"Nimeliona. Sijui, sioni umuhimu tu."
"Sawa. Na zile siku unazofika, ukishafika inakuwaje?"
"Nikishafika niko poa. Nacheza."
"Kwahiyo uzito uko kwenye kutoka nyumbani."
"Labda."
"Jumamosi nakupitia saa 10. We vaa viatu tu, begi nabeba mimi."
"Tutaona."
"Haya, saa 10 niko mlangoni."

Angalia alichofanya dada. Hakubishana na "sioni umuhimu", kwa sababu kumshawishi mtu aone umuhimu ni kazi ya bure pale hisia zikiwa zimelala. Akauliza swali moja lililoonyesha palipokatika. Akarudia alichosikia kwa maneno mafupi. Halafu akatoa ofa iliyolenga hapohapo penye uzito na akachukua sehemu ya mzigo. Na hakuomba ahadi! Hii ya ahadi naisisitiza kwa sababu tunaipenda sana, "niahidi utabadilika", mtu anaahidi kwa nia nzuri kabisa, anashindwa, sasa ana kitu kingine cha kukwepa ambacho ni wewe.

Kimya kikitokea kiache kikae. Kichwa chake kinaweza kuchukua sekunde nyingi kuliko chako kutoa jibu, ukijaza kila nafasi kwa maneno unamnyima zamu yake.

Kuna sentensi ambazo zinaonekana za kutia moyo ila kwake ni mawe: "jikaze", "wenzako wana shida kubwa kuliko zako", "ungekuwa unanipenda ungefanya", "shukuru ulichonacho". Hiyo ya ungekuwa unanipenda ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu inageuza tatizo la msukumo kuwa ushahidi wa kukosa mapenzi, na mtu ambaye hisia zake zimepoa anaweza kukuamini, akaanza kudhani kweli hakupendi. Badala yake sema kitu kinachomtoa kwenye mahakama: "Najua hujaamua kuwa hivi." "Sihitaji ufurahi, nahitaji kampani tu." "Ukisema hapana nitaelewa, ila nitauliza tena Alhamisi."

Mzazi ni habari nyingine. Mtoto hamwamrishi baba yake, na baba aliyezoea kuwa mwenye nyumba akianza kuambiwa "oga, kula, kaa hapa" mbele ya wajukuu, ile ari kidogo iliyobaki nayo inajifunga. Msalimie kama siku zote, shikamoo yake apate, kaa naye, kisha omba msaada wake badala ya kumpa kazi: "Baba, naomba unisaidie kuchagua, picha hizi za zamani tuanze na bahasha ipi, hii au ile?" Machaguo mawili, yote yako mkononi yanaonekana. Kama ana dimensha (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) maneno yatabeba kidogo tu, mwili ubebe zaidi, weka kitana mkononi mwake, anza kukisogeza pamoja naye, mara nyingi mkono unaendelea wenyewe. Muziki wa ujana wake ukipigwa wakati wa kuoga au kula unasaidia kuliko hotuba yoyote.

Kijana anayekaa chumbani kutwa, kabla hujasema hajali chochote angalia kama kuna kinachomwamsha, gemu, marafiki wa onlaini, kuchora. Kama kipo basi ari ipo ila haipo kwenye mambo yenu, na hayo ni mazungumzo tofauti, ya shule na malengo na pengine ya nani anamwonea huko darasani. Ukimlinganisha na binamu yake umeshafunga mlango. Mwenzako kazini baki kwenye kazi, usimpe jina la ugonjwa, mwambie faragha "ripoti mbili zimechelewa na sio kawaida yako, kuna kitu nipunguze?" inatosha.

Hatua ya 6: Geuza maneno yawe kitendo kidogo chenye saa yake

Tumezoea kufikiri hamu inatangulia kitendo kinafuata. Tiba moja inayotumika sana kwenye sonona inageuza huo mpangilio, kitendo kwanza, hamu inaweza kuja nyuma yake. Mizizi yake ni kazi za mwanasaikolojia Peter Lewinsohn miaka ya 1970, na mwaka 2016 utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 440 ulionyesha tiba hii, ikitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini, haikuzidiwa na tiba ya mazungumzo ya wanasaikolojia wenye mafunzo marefu. Yaani sio uchawi, mtu wa kawaida anaweza kuazima misingi yake.

Wiki ya kwanza msibadilishe chochote, andikeni tu anafanya nini kila saa na alijisikiaje, kwa alama kuanzia 0 (vibaya kabisa) mpaka 10 (vizuri kabisa). Utakuta siku inayoonekana tambarare ina vimlima, kuongea na fulani ilikuwa 4, kukaa na simu kitandani ilikuwa 1. Wiki ya pili ongezeni kimoja kinachofanana na ile 4. Kiwe kidogo mpaka mtu aone aibu kukikataa, kwenda mpaka getini na kurudi, kuosha kikombe kimoja. Kifungeni kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku, baada ya chai, taarifa ya habari ikiisha, sio "ukijisikia", kwa sababu kujisikia ndo hakuji. Simu inaweza kupiga alamu badala yako ili usigeuke kuwa polisi wa nyumba.

Akifanya, usipige vigelegele. Sifa kubwa kwa kikombe kimoja inamfanya ajione mtoto. Sema ulichokiona, "umetoka leo", endelea na yako.

Kuhusu vidonge, hakuna dawa moja iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili ya kukosa ari. Iliyopimwa vizuri ni methylphenidate kwa wagonjwa wa Alzheimer, utafiti uliotoka 2021 wenye watu 200 ulionyesha nafuu ndogo hadi ya wastani, na hiyo ni dawa ya kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari, sio ya kununua kwa kuelekezwa na mtu.

Hatua ya 7: Akikataa

Atakataa, au atakubali asifanye, jiandae. William Miller na Stephen Rollnick waliotengeneza mbinu ya mazungumzo ya kumfanya mtu aseme mwenyewe sababu za kubadilika waliona jambo ambalo ukilijua utaliona kila mahali: ukimsukuma mtu upande mmoja, yeye anabaki kutetea upande wa pili. Ukisema "lazima utoke" kazi yake inakuwa kutafuta kwanini asitoke. Kwahiyo akisema "nadhani ningeenda ila..." we shika kile kipande cha kwanza, "ungeenda?", na unyamaze, achimbe mwenyewe.

Gawa mambo mafungu mawili. Kuna yasiyoachwa, dawa, maji, usalama, bili ambayo ikilala umeme unakatwa, hayo yafanyeni pamoja au uyafanye wewe bila mahubiri. Yaliyobaki yanaweza kusubiri. Chumba kichafu hakiui mtu. Mi naona nyumba nyingi zinapoteza nguvu kwenye fungu la pili mpaka la kwanza linasahaulika.

Na kama wewe ndo umekosa hamu

Huenda umesoma mpaka hapa kwa shida, au umeruka ukaangukia huku, sawa tu. Watu wako wanadhani umewachoka. Hawawezi kujua tofauti mpaka uwaambie, na kuelezea ni kazi, kwahiyo chukua haya maneno uyatume kama meseji kama yalivyo: "Sijakuchoka na sijakasirika. Hamu ya kuanza vitu imekata. Ukinialika tena na tena ni sawa hata nikikataa. Kinachonisaidia ni mtu kuanza na mimi, sio kuniuliza nina shida gani." Futa sentensi isiyokuhusu. Halafu chagua mtu mmoja, sio wote, awe ndo wa kukupeleka kliniki, mwambie akupangie siku, akukumbushe asubuhi, aje akuchukue, na akubebee karatasi yenye dawa unazotumia.

Narudi kwako unayemtunza: dalili za nafuu zisubiri zikiwa na sura msiyoitegemea. Kabla ya furaha mara nyingi inakuja lawama, analalamika chai ya baridi, anakataa shati hili anataka lile, anauliza nani kahamisha kiti chake. Mtu anayekataa kitu kimoja akataka kingine ameanza kupendelea tena. Usikasirike na hayo malalamiko, yaandike na tarehe, ndo yapelekeni kwa daktari safari ijayo.